Wawili Wako Wapi

Mbeleje alikuja na simu iliyopasuka kona,
kona ileile ya juu kushoto inapokaa ramani,
na mfukoni hana hata mia.
Nikamwambia, kioo elfu thelathini na tano, mdogo wangu.
Akajibu, sina. Ila naona na wewe unacheza,
na unakufa ovyo.

Kweli nilikuwa nakufa.
Kibanda changu kipo Sabasaba, ubavuni mwa wauza mitumba:
bisibisi mkononi, vumbi la Agosti kwenye kila waya,
nikipata dakika naingia uwanjani na upanga wangu,
namfukuza adui mmoja aliyebakiza damu kidogo
mpaka kichakani,
na kichakani wananisubiri wenzake.

Tukapatana: kioo kwa somo.
Yeye darasa la sita, mimi baba wa watoto wawili.
Akaokota kijiti, akachora mchangani mraba,
ndani yake njia tatu.
"Ngome yetu hapa, tuseme Dodoma.
Ya juu inakwenda Kondoa, ya kati Morogoro, ya chini Iringa.
Zote zinafika kwao."
Nikasema, Kondoa na Iringa haziwezi kufika mji mmoja.
Akanitazama kama mwalimu amtazamavyo mkaidi.
"Huku zinafika."

Mto ukakata mshazari katikati.
Nikauliza, una maji mwaka mzima?
Akacheka. Sisi tunajua mto ni mchanga,
ni mahali pa kufukua kisima na kunywesha ng'ombe,
siku tatu za Januari ukikasirika unabeba daraja.
Wa kule maji hayavuki kifundo cha mguu,
hayakauki,
na hakuna anayechota.

"Wewe unatazama mtu," alisema. "Tazama ramani.
Ukipiga mapigo matatu, jicho lipande konani, lirudi.
Hesabu. Wao ni watano.
Ukiwaona watatu usishangilie hao watatu.
Wawili wako wapi?"

Siku hiyo nilikufa mara tisa.
Kesho yake, nne.
Juma lililofuata mnara wa kati unayumba,
nguvu ninazo, dhahabu iko mbele yangu,
nikaona nukta tatu nyekundu njia ya Kondoa.
Tatu.
Nikaiacha dhahabu, nikarudi nyuma.
Kichaka kikatikisika, wakatoka wawili, wakanikosa.
Mbeleje hakunisifu. "Umechelewa kurudi," alisema, "lakini haya."

Sasa ugonjwa huu umenifuata nje ya simu.
Sokoni nahesabu kina mama wa zabibu za Hombolo:
leo mwenye beseni la bluu hayupo.
Nahesabu pikipiki za kijiweni.
Na usiku, umeme ukikatika Chang'ombe nzima,
nalala chali naihesabu nyumba yetu ya Mvumi.
Tulikuwa watano.
Mama yupo.
Sechelela yupo, kaolewa Kongwa, hupiga kila Jumapili.
Mimi nipo.
Wawili wako wapi?
Baba tulimzika wenyewe, nyuma ya zizi, najua alipo,
huyo namtoa.
Anabaki Ndahani.
Alisema Mirerani, mwezi mmoja tu, arudi na bati.
Huu mwaka wa tatu.
Nimemtumia neno. Tiki moja, ya kijivu,
kila asubuhi naipandisha jicho, nalirudisha,
nafungua kibanda.

Kioo kimefika jana na basi la Dar.
Nimekibandika Mbeleje amechuchumaa pembeni,
ameshika betri yake kama yai.
Ikawaka. Akaipangusa kona kwa mkono wa sweta la shule,
akaikazia macho ramani kwa muda mrefu.
Hapo ndipo nilipong'amua:
miezi minne mtoto huyu alicheza bila kuiona,
alikuwa anaikumbuka.

"Mbona ndogo hivi," alisema.
Akavaa mkoba, akaondoka zake kuelekea Majengo,
nami nikasimama mlangoni kumwangalia
mpaka upepo ulipoinua vumbi
na nisimwone tena.